Jeli inayojiponya: nyuzi 17 za Brussels na nyuzi 5 za Mombasa

Mtu yeyote aliyewahi kusafiri na chupa ya mafuta ya nazi kutoka Mombasa, Tanga au Unguja hadi Brussels anayajua haya. Nyumbani mafuta yale yalikuwa maji matupu, ukiinamisha chupa yanatoka. Yakifika Ubelgiji, asubuhi ya pili mtu huyakuta yameganda, meupe kama mshumaa, na hayatoki mpaka chupa ichovywe kwenye maji moto. Mafuta ni yale yale. Kilichobadilika ni nyumba yalimowekwa. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, na nyuzi hizo ziko katikati ya jiko la Mombasa na jiko la Brussels.

Jambo hilo dogo la jikoni linatusaidia kulielewa suala kubwa la kisayansi ambalo Umoja wa Ulaya umekuwa ukilitolea fedha kwa miaka kadhaa sasa. Nalo ni suala la jeli za tiba: jeli ambazo zikikatika hujiunga zenyewe, na jeli ambazo huwa maji zikiwa baridi kisha huganda zinapokutana na joto la mwili wa binadamu. Wataalamu wanatarajia kwamba jeli za aina hii zitafunika majeraha, zitabeba dawa hadi palipo na ugonjwa na kuziachilia pole pole, na zitashikilia chembe hai wakati kiungo kilichoharibika kinapojijenga upya. Swali ambalo halisikiki sana katika kumbi za Brussels, lakini ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuliuliza mapema, ni hili: jeli hizo zinapimwa kwa joto la nani?

Kazi inayofanyika Brussels

Inafaa kuashiria kwanza kwamba Brussels si mji wa wanasiasa na makamishna peke yao. Chuo Kikuu Huria cha Kiflemi cha Brussels, kinachojulikana kwa kifupi VUB, ni miongoni mwa vyuo vya Ulaya vilivyojitokeza mbele katika utafiti wa vitu vinavyojiponya. Mwezi Agosti mwaka 2017 watafiti wa chuo hicho, wakiwemo Seppe Terryn, Guy Van Assche na Bram Vanderborght, walichapisha katika jarida la Science Robotics matokeo ya roboti laini walizozitengeneza kwa polima yenye sifa hiyo. Roboti hizo zilikatwa kwa kisu, zikapashwa joto la nyuzi 80 hivi, na baada ya kupoa zikarudia kazi yake zikiwa na nguvu zinazokaribia zile za mwanzo.

Siri yake ni muungano wa kikemia uliogunduliwa mwaka 1928 na Wajerumani wawili, Otto Diels na mwanafunzi wake Kurt Alder, ambao walitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1950. Muungano huo una tabia ya pekee: ukipashwa moto unaachia, ukipoa unashika tena. Kwa hiyo palipokatika panaweza kuungana upya bila gundi wala fundi. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulitoa euro milioni 3 kwa mradi uliopewa jina la SHERO, ulioongozwa na VUB kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza, chuo cha ESPCI cha Paris, taasisi ya Empa ya Uswisi na kampuni ya SupraPolix ya Uholanzi.

Ni wazi kwamba mwili wa mgonjwa hauwezi kupashwa nyuzi 80. Ndiyo maana jeli zinazokusudiwa tiba hujengwa kwa viungo vyepesi zaidi, vinavyoachia na kushikana tena katika joto la kawaida la mwili. Mtu anaweza kuvifananisha na umati wa watu walioshikana mikono: mtu akipita kwa nguvu katikati yao mikono huachia, akishapita hushikana tena. Jeli yenye tabia hiyo inaweza kusukumwa kupitia sindano nyembamba. Inavunjika ikiwa ndani ya sindano, kisha inajiunga upya inapotua ndani ya mwili. Pia inaweza kukaa mahali panapotikisika kila wakati, kama vile kwenye goti au kibofu, bila ya kupasuka moja kwa moja.

Sifa ya pili, ile ya kuitikia joto, ni kinyume cha samli. Samli ikipata joto inayeyuka na ikipoa inaganda. Jeli hizi zikiwa baridi ni maji na zikipata joto zinaganda. Polima moja mashuhuri iitwayo PNIPAM hubadilika kwenye nyuzi 32 hivi. Nyingine iitwayo poloksama 407, ikichanganywa na maji kwa kiasi cha asilimia 20, huganda baina ya nyuzi 20 na 25. Mwaka 2000 watafiti wa Canada walionyesha kwamba hata kitosani, kitu kinachotolewa katika magamba ya kamba na kaa, kinaweza kuchanganywa na chumvi maalumu kikawa maji kwenye chumba na kikaganda kwenye nyuzi 37.

Haya si mambo ya maabara peke yake. Mwezi Aprili mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa ya Jelmyto kwa aina moja ya saratani ya njia ya mkojo. Dawa hiyo hutiwa ndani ya mgonjwa ikiwa imepozwa na ni majimaji. Ikishafika ndani inaganda, inabaki na kufanya kazi kwa saa kadhaa, halafu inatoka na mkojo. Mwezi Juni mwaka 2025 dawa ya pili ya namna hiyo, Zusduri, iliidhinishwa huko huko Marekani kwa saratani ya kibofu. Kwa hivyo tunazungumzia elimu ambayo imeshaingia hospitalini, ingawa kwa magonjwa machache na katika nchi chache.

Hesabu ya nyuzi

Sasa tufanye hesabu ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Chumba cha hospitali mjini Brussels hubakia kwenye nyuzi 20 hivi, kipupwe na kiangazi, kwa sababu kina hita. Mwili wa binadamu una nyuzi 37. Mtaalamu anayetengeneza jeli ya kuganda mwilini ana nafasi ya nyuzi 17 za kuchezea. Akiamua jeli yake iamke kwenye nyuzi 28 au 30, hana wasiwasi: juu ya rafu itabaki maji, ndani ya mgonjwa itaganda.

Tuichukue jeli hiyo hiyo tuipeleke katika wodi isiyo na kiyoyozi mjini Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari, ambako nyuzi 32 mchana si habari ya kumshangaza mtu. Nafasi iliyobaki ni nyuzi 5. Na kama jeli ni ya kupakwa juu ya kidonda, hali ni nzito zaidi, kwa sababu ngozi ya binadamu haina joto la ndani ya mwili. Huwa na nyuzi 33 hivi. Hapo nafasi imebaki uzi mmoja. Jeli iliyopangwa kwa rafu ya Brussels itakuwa imeshaganda ndani ya kichupa kabla muuguzi hajavaa glavu.

Baadhi ya jeli zikigandia njiani zinaweza kurudishwa kwa kuwekwa kwenye barafu. Nyingine zikishaganda hazirudi. Lakini hata zile zinazorudi zinahitaji barafu, nayo barafu inahitaji umeme, na umeme ndio mwanzo wa simulizi nyingine.

Msomaji anaweza kusema kwamba jibu ni jokofu. Tukumbuke basi yaliyotokea Goma. Mwishoni mwa Januari mwaka 2025, waasi wa M23 walipoingia katika mji huo wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umeme ulikatika na hospitali zikajaa majeruhi. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa lilieleza hofu yake kuhusu maabara ya taifa ya utafiti wa tiba mjini humo, ambamo mlikuwa mmehifadhiwa sampuli za virusi hatari, vikiwemo vya Ebola. Mahali ambapo hata sampuli za Ebola hazina uhakika wa umeme, nani atakayeahidi kwamba jeli ya majeraha itakaa kwenye nyuzi 4? Ilhali hapo ndipo penye majeraha.

Na si vita tu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu 180,000 hufariki dunia kila mwaka kwa kuungua moto, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na takriban theluthi mbili katika kanda za Afrika na Kusini-Mashariki mwa Asia. Mafiga, vibatari na majiko ya mafuta ya taa ndivyo vinavyojulikana na kila familia ya kwetu. Jeli ya kufunika kidonda cha moto, inayojiunga yenyewe mtoto anapojigeuza usiku, ingekuwa neema kubwa zaidi Kisumu au Bukavu kuliko Brussels. Lakini ikiwa imetengenezwa kwa nyuzi za Brussels, itabaki kuwa neema ya Brussels.

Namba ya kwenye boksi inatoka wapi?

Watu wengi hudhani kwamba joto linaloandikwa kwenye boksi la dawa ni sheria ya maumbile. Sivyo. Namba ile inaeleza kile kilichopimwa na mtengenezaji, basi. Sheria za kimataifa za uthabiti wa dawa zimeigawa dunia katika kanda za hali ya hewa. Ulaya iko katika kanda ambayo dawa hupimwa kwenye nyuzi 25 na unyevunyevu wa asilimia 60. Nchi za joto hupimwa kwenye nyuzi 30 na unyevunyevu wa asilimia 65 au 75. Kampuni inayolenga soko la Ulaya peke yake haina sababu ya kugharimia kipimo cha nyuzi 30.

Mfano wa karibu tunao, na ulianzia karibu kabisa na Brussels. Kiwanda cha Pfizer cha Puurs, kwenye mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka mjini, ndicho kilichotengeneza sehemu kubwa ya chanjo za UVIKO-19 za kampuni hiyo. Mwezi Disemba mwaka 2020 dunia iliambiwa kwamba chanjo hiyo lazima ihifadhiwe kwenye baridi ya nyuzi 70 hivi chini ya sifuri, na nchi nyingi za Afrika zikaona hiyo si chanjo yao. Mwezi Mei mwaka 2021, baada ya vipimo zaidi, Wakala wa Dawa wa Ulaya uliruhusu kichupa kilichoyeyushwa na ambacho hakijafunguliwa kikae kwenye jokofu la kawaida kwa muda wa mwezi mmoja badala ya siku 5. Chanjo haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu aliyepima.

Mfano wa pili ni wa furaha zaidi. Oksitosini, dawa inayozuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua, huharibika kwenye joto na inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kwa miaka mingi mama wa Kiafrika alidungwa sindano ambayo huenda nguvu zake zilikwisha njiani. Ndipo ikatengenezwa aina ya kabetosini inayostahimili joto. Ilijaribiwa kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, zikiwemo Kenya na Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Mwaka 2019 WHO iliiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Hapa joto la nyuzi 30 lilikuwa sharti la tangu mwanzo, na wataalamu walipowekewa sharti hilo walilitimiza.

Nukta ya kuzingatiwa ni kwamba kwa upande wa jeli, kuisogeza namba si muujiza. Wanakemia wanajua kwamba PNIPAM ikiunganishwa na viungo vinavyopenda maji, joto lake la kuganda hupanda. Wanajua pia kwamba poloksama 407 ikichanganywa na ndugu yake, poloksama 188, nayo hupanda. Ugumu uko katika usahihi: mwenye nafasi ya nyuzi 5 anatakiwa apige shabaha kwa makini kuliko mwenye nafasi ya nyuzi 17. Kazi hiyo inawezekana, lakini haifanyiki kwa bahati. Inafanyika pale mtu anapoiagiza na kuilipia.

Tena kuna njia ambayo kwa maoni yetu inatufaa zaidi. Kati ya sifa mbili za jeli hizi, kuitikia joto na kujiponya, ile ya pili haihitaji baridi. Jeli inayojiunga yenyewe inaweza kuingia kwenye sindano ikiwa tayari ni jeli, ikavunjika, ikapita na kujiunga tena upande wa pili, iwe ni Brussels wakati wa theluji au Lodwar saa nane mchana. Kwa nchi za joto, basi, fedha za utafiti zingeelekezwa zaidi kwenye kujiponya kuliko kwenye kuganda kwa joto. Huu ni uchaguzi wa kisayansi, lakini anayechagua hufikiria mazingira anayoyaona dirishani kwake.

Mwani wetu na jeli yao

Kuna upande mwingine wa kadhia hii ambao aghalabu hausemwi. Afrika Mashariki si mgonjwa tu katika habari hii. Ni muuzaji pia. Tangu mwaka 1989 wanawake wa Paje na vijiji vingine vya pwani ya mashariki ya Unguja wamekuwa wakilima mwani na kuuza kwa wafanyabiashara wanaoupeleka nje. Leo wakulima wa mwani Zanzibar wanahesabiwa kuwa zaidi ya 20,000, na wengi wao ni wanawake. Mwani huo ndio unaotoa karajinani, kitu kinachofanya vyakula, dawa ya meno na dawa nyingine ziwe nzito.

Karajinani yenyewe ni jeli inayoitikia joto: ikichemshwa inayeyuka na ikipoa inaganda. Mwani wa aina ya kotonii hutoa karajinani iitwayo kapa, yenye jeli ngumu na inayovunjika. Mwani wa spinosumu hutoa ile iitwayo iota, ambayo jeli yake ni laini, inanyumbuka, na ikivurugwa hujiunga tena yenyewe. Kwa maneno mengine, kile kinachotafutwa kwa mamilioni ya euro katika maabara za Ulaya kina binamu yake anayeanikwa juani Jambiani. Tayari kampuni ya Marinomed ya Austria ilijenga biashara ya dawa za kupuliza puani zinazotegemea karajinani ya iota.

Wakulima wa Zanzibar wanajua kwamba spinosumu hulipwa bei ndogo kuliko kotonii. Wanajua pia kwamba kotonii imekuwa ikifa tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Unguja, akiwemo Dakta Flower Msuya, wameuhusisha msiba huo na kupanda kwa joto la bahari. Nyuzi zinawafuata wakulima hao hadi majini. Waliobakia na spinosumu wamebakia na mwani wa bei ya chini lakini wenye ile sifa ya kujiponya. Kama kuna mahali ambapo chuo cha Brussels na chuo cha Dar es Salaam au Zanzibar vingekaa meza moja, ni hapa.

Ila tusidanganyane. Karajinani ya kutia kwenye maziwa si karajinani ya kutia kwenye kidonda. Ya kidonda inahitaji usafishaji wa hali ya juu, vipimo vya sumu na miaka ya majaribio. Mwani mkavu kwenye gunia si kifaa tiba. Hata hivyo, tofauti ya bei kati ya gunia na kifaa tiba ndiyo tofauti ya maendeleo, na mtu asiyeanza safari hafiki.

Mlango uko wapi?

Brussels ndiko zinakotungwa sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya vifaa tiba, namba 745 ya mwaka 2017, ilianza kutumika kikamilifu tarehe 26 Mei mwaka 2021, na mwezi Machi mwaka 2023 muda wa mpito kwa vifaa vya zamani uliongezwa hadi mwisho wa 2027 na 2028 kulingana na aina ya kifaa. Jeli isiyo na dawa ndani yake kwa kawaida huhesabiwa kuwa kifaa tiba. Jeli inayobeba dawa huingia katika sheria za dawa.

Kwa upande wa dawa kuna mlango ambao wengi hawaujui. Kifungu cha 58 cha kanuni ya Ulaya namba 726 ya mwaka 2004 kinaruhusu Wakala wa Dawa wa Ulaya, kwa kushirikiana na WHO, kuipima dawa inayokusudiwa kutumika nje ya Ulaya. Ni kwa mlango huo ambapo mwezi Novemba mwaka 2018 fexinidazole, vidonge vya kutibu malale vilivyojaribiwa Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, vilipata maoni mazuri, na kabla ya mwaka kumalizika Kongo ikavisajili. Mgonjwa wa Kongo aliyekuwa akilazwa kwa sindano na dripu akaweza kumeza vidonge. Jeli yenye dawa, iliyopangwa kwa nyuzi za kwetu, inaweza kubisha hodi katika mlango huo huo.

Kwa upande wa fedha, mwezi Julai mwaka 2025 Kamisheni ya Umoja wa Ulaya ilipendekeza euro bilioni 175 kwa ajili ya programu ya utafiti ya miaka 2028 hadi 2034. Programu ya sasa, iliyoanza mwaka 2021, ilipangiwa euro bilioni 95.5. Brussels pia ndipo yalipo makao ya ushirikiano wa Ulaya na Afrika katika majaribio ya tiba, unaojulikana kwa jina la EDCTP3. Ushirikiano huo umewekewa mkazo katika magonjwa ya kuambukiza. Kuungua moto na majeraha hayamo katika shabaha yake kuu. Serikali za Afrika Mashariki zinazoketi katika ushirikiano huo zina haki ya kuuliza kwa nini.

Na nyumbani nako kuna wajibu. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, ambayo mwaka 2018, ikiitwa bado TFDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia daraja la tatu la ukomavu la WHO, ina uwezo wa kudai kipimo cha nyuzi 30 kwa kila jeli itakayoomba kusajiliwa. Wakala wa Dawa wa Afrika, ambao mkataba wake ulianza kutumika tarehe 5 Novemba mwaka 2021 na makao yake ni Kigali, unaweza kuifanya sauti hiyo iwe ya bara zima. Mfanyabiashara wa Ulaya hataihesabu nchi moja, lakini bara zima atalihesabu.

Daraja la Bukavu

Mwisho, tusisahau kwamba Brussels na maziwa makuu si wageni. Historia ya ukoloni inajulikana na haihitaji kurudiwa hapa. Lakini kuna na nyuzi nyingine, za kushonea. Mwezi Septemba mwaka 2015 Dakta Denis Mukwege, mwanzilishi wa hospitali ya Panzi ya Bukavu na mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 2018, alipata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu Huria cha Brussels, ULB, kwa utafiti wake kuhusu fistula zinazotokana na ukatili. Daktari wa upasuaji wa Brussels, Guy-Bernard Cadière, amekuwa akienda Panzi na timu yake kufanya upasuaji pamoja naye.

Hatusemi kwamba jeli hizi zinatibu fistula. Atakayesema hivyo leo anauza maneno. Tunasema kwamba hapo Panzi wapo madaktari wanaojua ni tishu gani hukataa kufunga, ni mshono gani huachia, na wodi huwa na joto gani saa nane mchana. Elimu hiyo haipo katika maabara yoyote ya Ulaya. Mtaalamu wa VUB anayepanga jeli yake na daktari wa Bukavu anayeshona wagonjwa wake wanahitaji kukutana kabla namba haijaandikwa kwenye boksi. Ikishaandikwa, kuibadilisha ni gharama na miaka.

Kuna wanafunzi wa Kitanzania, wa Kenya, wa Uganda na wa Kongo wanaosoma kemia, udaktari na uhandisi Brussels, Leuven na Ghent, baadhi yao kwa ufadhili wa mashirika ya Kibelgiji kama VLIR-UOS. Hao hawahitaji kungoja mkutano wa mawaziri. Siku profesa atakapoeleza jeli yake inaganda kwenye nyuzi ngapi, mmoja wao na anyanyue mkono aulize: na kwetu? Kama profesa hataelewa swali, amletee chupa ya mafuta ya nazi.